VIWANDA VINAVYOTEGEMEA MTAJI MKUBWA: KWA NINI MTAMBO HAUPASWI KULALA

Utangulizi

Kwa karne nyingi wakazi wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamejua kuchoma mawe ya matumbawe ili kupata chokaa. Magogo hupangwa kwa mduara, mawe huwekwa juu yake, moto huwashwa, na baada ya siku chache mawe hugeuka chokaa, tayari kumwagiwa maji. Misikiti na majumba ya Kilwa, Gedi na Lamu yalijengwa kwa chokaa ya namna hiyo. Kazi hii yahitaji kuni, mashoka, mikono mingi na ujuzi. Vyombo vyake ni vya bei ndogo, na wachomaji wakipumzika mwezi mmoja hasara yao si kubwa.

Mwaka 1966 kiwanda cha kwanza cha saruji nchini Tanzania kilianza kazi katika kilima cha Wazo, kaskazini ya jiji la Dar es Salaam. Malighafi yake kubwa ilikuwa ile ile, yaani mawe ya chokaa. Hata hivyo kiwanda hicho hakikuweza kuanza kwa magogo na mashoka. Kilihitaji tanuri refu la chuma linalozunguka, vinu vya kusagia mawe, mitambo ya umeme, na mamilioni ya shilingi yaliyotumika kabla mfuko wa kwanza haujauzwa. Kiwanda cha namna hiyo kikisimama mwezi mmoja, hasara yake ni kubwa mno.

Kwa nini jiwe la aina moja lizae kazi mbili zinazotofautiana kiasi hicho? Makala haya yanaeleza maana ya viwanda vinavyotegemea mtaji zaidi kuliko nguvukazi, sababu za kisayansi zinazovifanya viwe hivyo, na hesabu inayotawala maisha yake. Mwishoni yanagusa swali zito kwa nchi yenye watu wengi na mtaji haba: ni wapi panapofaa kuweka mtambo mkubwa, na ni wapi panapofaa kuitumia mikono ya watu.

Maana ya kutegemea mtaji

Wanauchumi hugawa mahitaji ya uzalishaji katika mafungu matatu: ardhi, kazi na mtaji. Katika maana hii mtaji si noti zilizowekwa benki. Ni vile vitu vilivyotengenezwa na binadamu ili visaidie kutengeneza vitu vingine, kama vile majengo, mashine, mabomba na matangi. Jembe la mkulima ni mtaji, na tanuri la saruji ni mtaji. Tofauti yao ni ya kiasi.

Kiwanda husemwa kuwa kinategemea mtaji iwapo thamani ya mitambo yake, ikigawanywa kwa idadi ya wafanyakazi, ni kubwa. Kipimo hiki huitwa mtaji kwa kila mfanyakazi. Fundi wa nguo mwenye cherehani moja yuko upande mmoja wa kipimo. Upande wa pili unaonekana katika kiwanda cha alumini cha Mozal, karibu na Maputo nchini Msumbiji, kilichoanza uzalishaji mwaka 2000 na kupanuliwa mwaka 2003. Ujenzi wa awamu zote mbili uligharimu karibu dola za Marekani bilioni 2, na baada ya upanuzi wafanyakazi wake wa kudumu walikuwa kama 1,100. Kwa hiyo kila nafasi moja ya kazi ilisimama juu ya mtaji unaokaribia dola milioni 2.

Yafaa mwanafunzi aangalie mambo mawili hapa. Kwanza, kipimo hiki ni uwiano wala si ukubwa. Shamba la chai laweza kuwa kubwa, lenye maelfu ya wachumaji, na bado likawa la kutegemea nguvukazi. Pili, sehemu zote mbili huweza kukutana ndani ya eneo moja. Katika mashamba ya sukari, miwa inayokatwa kwa mapanga hupelekwa kwenye kinu na mitambo ya kuchemshia yenye thamani kubwa. Mkata miwa na mwangalizi wa mtambo ni watu wa kampuni moja, lakini mtaji ulio nyuma ya kila mmoja wao haulingani.

Sababu za kisayansi

Mara nyingi watu hudhani kwamba mashine kubwa huwekwa ili kupunguza wafanyakazi tu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwa bidhaa kadhaa mtaji hudaiwa na maumbile ya vitu vyenyewe. Sababu kubwa ni tatu.

(a) Joto na mgandamizo

Jiwe la chokaa ni kalsiamu kabonati. Likipashwa joto la karibu nyuzi 900 za Sentigredi, huvunjika na kutoa kalsiamu oksidi, ambayo ndiyo chokaa, pamoja na gesi ya kaboni dioksidi. Kila gramu 100 za kalsiamu kabonati safi hutoa gramu 56 za chokaa na gramu 44 za gesi. Joto hilo moto wa magogo uliopangwa vizuri waweza kulifikia. Ndiyo maana chokaa huweza kutengenezwa kwa mikono.

Saruji hudai zaidi. Chokaa hapana budi iungane na silika, alumina na oksidi ya chuma zitokazo katika udongo wa mfinyanzi, na muungano huo hukamilika kwenye joto la karibu nyuzi 1,450. Hapo sehemu ya mchanganyiko huyeyuka na kufanya vidonge vigumu viitwavyo klinka, ambavyo husagwa pamoja na jasi kidogo kuwa saruji. Moto wa magogo uliowashwa uwanjani hauwezi kushikilia nyuzi 1,450 sawasawa katika mzigo wote. Hupatikana kwa tanuri lililotandikwa ndani matofali ya kuhimili joto, lenye mwali wa makaa ya mawe, mafuta mazito au gesi unaopulizwa kwa nguvu. Baina ya nyuzi 900 na nyuzi 1,450 ndipo ulipo mpaka wa kazi ya shoka na kazi ya mtaji.

Mfano wa mgandamizo ni amonia, ambayo ni msingi wa mbolea nyingi za naitrojeni. Mwaka 1909 mwanakemia Mjerumani Fritz Haber alionyesha katika maabara kwamba naitrojeni ya hewani yaweza kuunganishwa na haidrojeni. Kazi ya kuligeuza jaribio hilo kuwa kiwanda ilimwangukia mhandisi Carl Bosch. Mgandamizo uliotakiwa ulikuwa kama mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida, kwenye joto la karibu nyuzi 500. Katika hali hiyo haidrojeni hupenya ndani ya chuma cha pua, huinyang'anya kaboni yake, na chuma hubaki dhaifu hata kikapasuka. Bosch alitandika ndani ya mtungi ganda la chuma laini kisicho na kaboni nyingi, na akatoboa matundu madogo katika ukuta wa nje ili haidrojeni iliyopenya itoke bila kudhuru. Kiwanda cha Oppau kilianza mwaka 1913. Kazi kama hiyo haiwezi kugawanywa kwa watu elfu moja, kila mmoja akatengeneza kidogo nyumbani kwake.

(b) Ukubwa: mraba na mchemraba

Chukua tangi lenye umbo la mchemraba, kila upande mita 1. Bati lake lina eneo la mita za mraba 6, nalo hubeba mita ya ujazo 1. Chukua jingine lenye upande wa mita 2. Bati lake ni mita za mraba 24, yaani mara 4, lakini hubeba mita za ujazo 8. Bati limeongezeka mara 4 na ujazo mara 8. Kwa hiyo kila mita ya ujazo katika tangi kubwa hugharimu nusu ya bati la lile dogo.

Kanuni hii hutawala matangi, mabomba, matanuri na mitungi. Gharama ya kujenga hufuata zaidi ngozi ya chombo, na mavuno hufuata tumbo lake. Joto nalo hupotea kupitia ngozi, hivyo tanuri kubwa hupoteza joto dogo zaidi kwa kila tani. Wahandisi wa kemia hutumia kadirio la kwamba gharama ya mtambo huongezeka kwa kipeo cha 0.6 cha uwezo wake. Uwezo ukizidishwa mara 2, gharama huzidi kwa mara 1.5 hivi tu. Hii ndiyo sababu viwanda vya namna hii huvutwa daima kuelekea ukubwa. Kiwanda cha saruji kilichofunguliwa Mtwara mwaka 2015 kilijengwa kwa uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka.

(c) Mfululizo

Tanuri la saruji huzunguka usiku na mchana. Likizimwa ghafla, matofali ya ndani hupoa na kunywea, na yakipashwa moto tena kwa haraka hupasuka. Ndiyo maana kuliwasha tanuri lililopoa ni kazi ya hatua kwa hatua.

Alumini ni kali zaidi. Kwa njia iliyovumbuliwa mwaka 1886 na Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, alumina huyeyushwa ndani ya krioliti kwenye joto la karibu nyuzi 960, kisha umeme hupitishwa ili kuitenga alumini. Kila kilo moja ya alumini hutumia umeme wa kama kilowati-saa 14. Baada ya upanuzi wake, Mozal ilihitaji zaidi ya megawati 900, ambazo ni zaidi ya mara nne ya uwezo wa kituo cha Kidatu chenye megawati 204. Umeme ukikatika kwa saa chache, maji hayo ya moto huganda ndani ya vyungu vyake, na mtambo wote waweza kuharibika. Hapa kusimama kunaleta zaidi ya upungufu wa mavuno: kunauvunja mtaji wenyewe.

Hesabu ya mtambo uliolala

Gharama za kiwanda chochote ni za aina mbili. Gharama za kudumu hulipwa hata kama hakuna kilichozalishwa, kama vile riba ya mkopo, uchakavu wa mitambo, bima, ulinzi na mishahara ya wahandisi. Gharama zinazobadilika hufuata mavuno, kama vile malighafi, mafuta, umeme na mifuko. Katika kiwanda kinachotegemea mtaji, gharama za kudumu ni fungu kubwa. Katika kazi inayotegemea mikono, ni fungu dogo.

Ichukuliwe, kwa ajili ya zoezi tu, kwamba kiwanda fulani cha saruji kina uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka. Gharama zake za kudumu ni shilingi bilioni 30 kwa mwaka, na gharama zinazobadilika ni shilingi 90,000 kwa kila tani. Tani moja ni mifuko 20.

Jedwali la 1: Kiwanda cha saruji (mfano wa kubuni)

| Uwezo uliotumika | Mavuno (tani) | Gharama za kudumu kwa tani (sh.) | Gharama zote kwa tani (sh.) | Gharama kwa mfuko (sh.) |
|---|---|---|---|---|
| Asilimia 100 | 500,000 | 60,000 | 150,000 | 7,500 |
| Asilimia 50 | 250,000 | 120,000 | 210,000 | 10,500 |
| Asilimia 30 | 150,000 | 200,000 | 290,000 | 14,500 |

Sasa ichukuliwe kwamba kikundi cha wafyatuaji matofali kina uwezo wa matofali 200,000 kwa mwaka. Gharama zake za kudumu, yaani kodi ya kiwanja, kalibu na turubai, ni shilingi milioni 2. Gharama zinazobadilika ni shilingi 150 kwa tofali, kwa kuwa wafyatuaji hulipwa kwa hesabu ya matofali. Kikundi kikifanya kazi kwa uwezo wote, tofali moja hugharimu shilingi 160. Kikifanya kazi kwa asilimia 30, yaani matofali 60,000, tofali moja hugharimu shilingi 183 hivi.

Msomaji alinganishe. Kazi ilipopungua hadi asilimia 30, gharama ya tofali ilipanda kwa sehemu ndogo tu, kama moja ya saba. Gharama ya saruji ilikaribia kuwa maradufu. Mabadiliko ni yale yale, lakini kimoja kiliyumba kidogo na kingine kilianguka.

Hatua moja zaidi yafaa kufanywa darasani. Ikiwa saruji huuzwa kiwandani kwa shilingi 200,000 kwa tani, kila tani huacha shilingi 110,000 baada ya kulipia gharama zinazobadilika. Ili kufidia bilioni 30, kiwanda lazima kiuze tani 272,727 hivi, ambazo ni karibu asilimia 55 ya uwezo wake. Chini ya hapo kila mwezi ni wa hasara, hata kama wafanyakazi ni hodari na meneja ni mwaminifu. Hapo ndipo ilipo tabia kuu ya viwanda hivi. Kinachoamua uhai wake kwanza ni idadi ya saa ambazo mtambo unazunguka. Kima cha mishahara huja nyuma sana.

Fundisho la historia

Mwaka 1975 Tanzania ilianza kufuata Mkakati wa Viwanda vya Msingi, uliolenga nchi ijitengenezee chuma, saruji, mbolea, karatasi, nguo na mahitaji mengine makubwa. Nia ilikuwa njema na yenye mantiki, kwani nchi isiyo na saruji wala mbolea yake hununua maendeleo kwa wengine. Lakini mitambo iliyochaguliwa mara nyingi ilikuwa ya mtaji mkubwa, na ilitegemea vipuri, mafuta na hata malighafi kutoka ng'ambo.

Kisha misukosuko ikafuatana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vilipiganwa mwaka 1978 na 1979. Bei ya mafuta, iliyokwisha kupanda mwaka 1973, ilipanda tena mwaka 1979, huku bei ya kahawa ikishuka baada ya miaka michache ya neema. Fedha za kigeni zikaadimika. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 viwanda vya nchi, kwa wastani, vilikuwa vikitumia chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Msomaji akirudi kwenye Jedwali la 1 ataona maana ya hali hiyo. Mtambo ulikuwapo, wafanyakazi walikuwapo, deni lilikuwapo. Kilichokosekana ni mafuta, vipuri na malighafi. Mara nyingi kipuri kidogo kilichokosekana kiliweza kuusimamisha mtambo wa mamilioni.

Kiwanda cha mbolea cha Tanga ni mfano ulio wazi. Kilianza mwaka 1972 kwa ushirikiano na kampuni ya Kijerumani, nacho kwa muda mrefu kiliagiza malighafi zake kubwa kutoka nje. Mbolea ilihitajika sana na wakulima, na bandari ilikuwa karibu. Lakini kiwanda chenye gharama kubwa za kudumu na chenye kutegemea meli kwa chakula chake cha kila siku hakina kinga siku fedha za kigeni zinapokauka. Kilifungwa mwaka 1991.

Mfano wa upande wa pili ni kilima cha Wazo. Gesi asilia ya Songo Songo ilipoanza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, kiwanda hicho cha saruji kilikuwa miongoni mwa wateja wa mwanzo, na gesi hiyo ikachukua nafasi ya mafuta yaliyoagizwa kutoka ng'ambo. Jiwe lilikuwa la nyumbani tangu mwanzo. Sasa na moto ukawa wa nyumbani. Kiwanda kinachotegemea mtaji hudumu vema pale ambapo mnyororo wake wote, tangu malighafi, nishati, maji, barabara hadi soko, una pete chache zinazoweza kukatwa na mtu wa mbali.

Pale ambapo kuna uchaguzi

Si kila bidhaa hufungwa na maumbile kama amonia. Nguo ni mfano wa bidhaa inayoacha nafasi ya kuchagua. Kitambaa hufumwa kwa kupitisha uzi wa mshindio katikati ya nyuzi za mtande. Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa kitanda cha mfumi, kwa mashine ya kawaida, au kwa mashine inayojibadilishia uzi yenyewe. Katika jimbo la Lancashire, Uingereza, mfumaji mmoja kwa desturi aliangalia mashine nne. James Northrop alipotengeneza mashine ya kujibadilishia uzi huko Marekani katika miaka ya 1890, mfumaji mmoja aliweza kuangalia mashine 16 au zaidi. Viwanda vya Marekani, ambako mishahara ilikuwa mikubwa, vilizipokea upesi. Lancashire, iliyokuwa na wafumaji wengi wenye ujuzi na mashine nyingi zilizokwisha kulipiwa, haikuwa na haraka. Sayansi ilikuwa moja, ila hesabu za pande mbili zilitofautiana.

Tanzania nayo iliona uchaguzi huo ndani ya mipaka yake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vilijengwa viwanda viwili vikubwa vya nguo karibu kwa wakati mmoja. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968, kilijengwa kwa mkopo usio na riba kutoka China, nacho kiliajiri watu wapatao 3,000. Kiwanda cha Mwatex cha Mwanza, kilichojengwa kwa ushirikiano na Wafaransa, kilichagua mitambo inayojiendesha zaidi na inayohitaji watu wachache zaidi. Vyote viwili vilifuma pamba ya nchi. Wachumi wamevilinganisha mara nyingi, kwa sababu vinaonyesha kwamba mtambo hauji kama mvua. Huchaguliwa, na anayetoa mkopo na mashine mara nyingi huleta pamoja navyo desturi za nchi yake.

Hata katika saruji, ambako joto la nyuzi 1,450 halina mjadala, uchaguzi haukosekani kabisa. China, katika miaka ya 1980 na 1990, ilipata sehemu kubwa ya saruji yake kutoka matanuri madogo ya wima yaliyotapakaa wilayani. Yalihitaji mtaji mdogo na watu wengi, nayo yaliipa vijiji saruji mahali ambapo barabara zilikuwa mbovu. Kasoro zake zilikuwa vumbi, matumizi makubwa ya makaa ya mawe na ubora usio na uhakika, na baadaye mengi yalifungwa. Kwa hiyo tanuri dogo halikuwa kosa wala si dawa ya kudumu. Lilifaa kwa muda fulani na mahali fulani.

Zaidi ya hayo, ndani ya kiwanda kikubwa mna kiini na mna pembezoni. Kiini cha kiwanda cha saruji ni tanuri na vinu, na hapo mikono haiwezi kushika nafasi ya mtambo. Lakini kujaza mifuko, kupakia magari, kufagia na kuhamisha mizigo huweza kufanywa kwa mashine au kwa watu bila kuathiri ubora wa saruji. Nchi yenye watu wengi wanaotafuta kazi yaweza kutumia mtaji wake haba kwenye kiini, na kuwaachia watu pembezoni, mradi tu afya yao ilindwe dhidi ya vumbi.

Je, viwanda hivi vinanyima watu kazi?

Lawama hii husikika mara kwa mara, nayo ina ukweli nusu. Fedha zilizojenga nafasi moja ya kazi katika kiwanda cha alumini zingeweza kununua maelfu ya cherehani. Lakini kazi zitokanazo na kiwanda hazihesabiwi mlangoni tu. Mfuko mmoja wa saruji humpa kazi mfyatuaji wa matofali, mwashi, dereva na muuza duka. Mbolea humwongezea kazi mvunaji. Bidhaa inayotumiwa na viwanda vingine vya nchini hueneza ajira mbali na mahali ilipotengenezwa. Bidhaa inayopakiwa yote melini, kutoka malighafi iliyoshushwa kutoka melini, hueneza kidogo.

Kwa sababu hiyo swali la kupima mradi lisiishie kwenye idadi ya wafanyakazi wake. Laufaa kuulizwa mambo manne. Je, maumbile ya bidhaa yanadai mtambo mkubwa, au kuna njia nyingine? Je, kiwanda kitapata malighafi, nishati na vipuri vya kukiwezesha kuzunguka zaidi ya nusu ya uwezo wake hata katika mwaka mbaya? Je, soko lipo la kuyameza mavuno yake yote? Je, bidhaa yake itawapa kazi watu wengine nchini? Mradi unaoshindwa maswali haya hauokolewi na fahari ya siku ya ufunguzi.

Hitimisho

Mtaji ni kazi ya watu iliyofanywa jana na kuhifadhiwa katika umbo la chuma na matofali. Mfanyakazi akilala hupata nguvu. Mtambo ukilala huchakaa, hupata kutu, na deni lake huendelea kuhesabu siku. Nchi isiyo na mtaji mwingi haikatazwi kujenga viwanda vikubwa, na kwa bidhaa kama saruji na mbolea mara nyingi haina njia nyingine. Inachodaiwa ni kuchagua vichache, kuvitayarishia mnyororo mzima kabla ya jiwe la msingi, na kuhakikisha kwamba vikishawashwa havizimiki.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa kutumia takwimu za mfano wa kiwanda cha saruji, tafuta gharama ya mfuko mmoja kiwanda kikitumia asilimia 80 ya uwezo wake. Kisha chora mchoro wa gharama kwa mfuko dhidi ya uwezo uliotumika, na ueleze kwa nini mstari wake haunyooki.

2. Tangi la mchemraba lina upande wa mita 3. Linganisha eneo la bati lake na ujazo wake, kisha linganisha uwiano huo na ule wa tangi lenye upande wa mita 1. Eleza uhusiano wa jibu lako na ukubwa wa matanuri.

3. Ni kilo ngapi za kaboni dioksidi hutoka katika kuchoma kilo 1,000 za kalsiamu kabonati safi, bila kuhesabu gesi itokayo katika nishati? Jadili maana ya jibu hilo kwa hali ya hewa.

4. Chagua kazi tatu za uzalishaji zilizopo katika wilaya yako. Zipange kwa kipimo cha mtaji kwa kila mfanyakazi, kisha eleza ni ipi itaumia zaidi umeme ukikatika kwa wiki mbili, na kwa nini.